Chesisi Iliyoliwa na Chumvi

Baba Zuhura, mwenzangu uliyenitangulia,

Mara tatu nimeianza barua hii, na mara tatu nimeinuka kwenda kufanya kazi isiyo na haraka. Nimechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa. Tangu eda iishe siwezi kukaa mahali pamoja. Shangazi yako anasema nimeingiwa na shetani wa kutembea, lakini mimi najua kilichoniingia. Kuna neno ulipaswa kulisema ukiwa hai, na hukulisema. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuoni, kwa sababu za Kizungu bado zinanishinda. Wewe zote zilikushinda, kwa hiyo nitakusomea mwenyewe kwa sauti.

Unalikumbuka gari la Bwana Jivan. Lililetwa mwaka ule wa njaa, likiburutwa na ng'ombe kutoka stesheni, na watu wa mtaa walitoka kulitazama kama wanatazama maiti. Ilikuwa pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akibeba chumvi ya Bahi. Hapa Dodoma chuma hukaa miaka bila kutu kwa ule ukavu, lakini miaka yote ile chumvi ilikuwa ikivuja kwenye mbao za bodi na kulala juu ya chesisi, yale machuma mawili marefu yanayobeba gari zima. Juu ilikuwa na rangi nzuri ya kijani. Ulipoingia chini ukagonga kwa nyundo ndogo, mbele chuma kilijibu kwa mlio, na nyuma, juu ya ekseli, kilijibu kama chungu chenye ufa. Uligonga tena na kutu ikakumwagikia usoni kwa vipande, kama maganda ya mti.

"Hili haliendi Mlali," ulimwambia Bwana Jivan. "Likibebeshwa mzigo litakatika katikati ya korongo."

Naye akakujibu, "Fundi, mahindi ya serikali yapo stesheni. DC amenipa kazi ya kuyapeleka. Mvua ikianza kabla sijafika, makorongo yatajaa na watu wa kule watakula nini? Lori la kukodi hakuna, yote yamechukuliwa."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikishona kofia. Niliposikia Mlali, sindano iliniingia kidoleni. Mama yangu alikuwa kule, na dada yangu na wanawe. Habari ya mwisho tuliyopata ilisema wanachemsha mizizi. Jioni ile hukula. Ulisema, "Mama Zuhura, nitalitengeneza gari hili hata nikifa chini yake."

Ulikaribia kufa kweli. Siku ya pili, majirani walipokwisha kukusaidia kuinua bodi na kuiweka kando, ulikuwa ukifungua springi ya nyuma na jeki ikateleza. Nilisikia kishindo, kisha kimya, na kimya ndicho kilichonitoa mbio. Mkono wako wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya springi na chesisi. Dresa, yule mfunga vidonda wa dispensari, aliufunga mpaka kwenye kiwiko na akakwambia vidole viwili huenda visikunjike tena. Ulirudi ukaketi kwenye kigoda ukilitazama lile gari lililovuliwa nguo, na kwa mara ya kwanza tangu unioe nilikuona unalia.

Nilikuuliza, "Kinachotakiwa ni nini?"

Ukasema, "Mikono miwili."

Nikakuonyesha yangu.

Hukucheka, na kwa hilo nakushukuru mpaka leo. Ukaniambia niende nikazungushe mikeka kwenye ua, upande wa barabarani na upande wa kisima. Ukasema, "Usimwambie mtu. Wakijua, watasema mkono wa Rajabu umekwisha, na hakuna atakayeleta gari hapa tena." Nikakubali. Nilikubali upesi mno, Baba Zuhura, nilikuwa nikiwaza mizizi tu.

Siku zile tisa nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yetu. Ulinifundisha kugonga na kusikiliza, na kuweka alama ya chokaa mahali ambapo chuma kizima kinaanzia. Nilitaka kukata karibu na alama. Ukanikataza: "Rudi nyuma shibiri moja. Kutu ina mizizi usiyoiona." Nilikata kwa tindo na msumeno mpaka mabega yakawaka moto. Kutoka kwenye chesisi ya lori bovu lililokuwa nyuma ya nyumba tulipata chuma cha kuziba pengo, nikakipasha kwenye makaa na kukikunja kikae ndani ya kile cha zamani kama mkono ndani ya kanzu. Nilivuta kamba kutoka pembe hii ya chesisi hadi ile, kisha nikaivuta kwenye pembe nyingine mbili, na vipimo viwili vilipotofautiana kwa upana wa kidole ulinifanya nifungue kila kitu nianze upya. Nilikutukana kimoyomoyo. Kisha nikaona ulikuwa na haki.

Lakini mpango wa matundu ya kuungia vyuma ulikuwa wangu. Wewe ulitaka niyapange mstari mmoja. Nilikwambia ukipanga vishimo vya kofia kwenye uzi mmoja, kitambaa huchanika hapohapo, heri uvipishanishe. Ulinikazia macho, kisha ukasema, "Pishanisha." Nikaizungusha keekee, tundu moja hapa na moja pale, na kila tundu lilikula karibu saa nzima.

Halafu zikaja ribiti, ile misumari minene isiyo na ncha ya kuunga chuma kwa chuma. Nilizitoa motoni kwa koleo zikiwa nyekundu, nikazitia tunduni, nawe upande wa pili ulikizuia kichwa kwa pande zito la chuma, ukilishika kwa mkono wa kushoto na kulisukuma kwa bega, huku mimi nikiponda mkia kabla haujapoa. Nyuso zetu zilikuwa zimekaribiana, chesisi ikiwa katikati. Ulikuwa unasema tu, "Piga. Piga. Basi." Watu waliopita barabarani walisikia nyundo wakaita, "Fundi Rajabu, pole na kazi," nawe ukaitikia, "Nimeshapoa." Nami nilikuwa nimeshika nyundo, jasho likiniingia machoni.

Siku ya safari nilimwacha Zuhura kwa shangazi yako, nikaomba kupanda nyuma, juu ya magunia, na Bwana Jivan alikubali kwa kuwa alijua nina mama kule. Wewe ulikaa mbele naye, mkono ukiwa shingoni kwenye kitambaa. Sijapata safari ndefu kama ile. Kila gurudumu lilipoingia shimoni niliushika ubao wa bodi kana kwamba ningeweza kulibeba gari kwa vidole vyangu. Kwenye korongo la mwisho kabla ya kupanda kilima cha kwenda Mlali, mchanga ulikuwa umeanza kuloa, na wingu lilikuwa limetanda upande wa Mpwapwa. Gari likainama ubavu na kitu kikalia *kaa*. Likasimama. Nilitaka kuruka chini, niingie uvunguni nizipapase ribiti zangu moja moja. Ulishuka wewe. Ulichungulia, ukarudi na kusema, "Ni mnyororo wa mlango wa nyuma. Twende." Nilikutazama nikitafuta uniambie jambo jingine kwa macho. Tayari ulikuwa umekwisha kugeuka.

Tulifika Mlali mvua ikianza kudondoka. Mama alikuwa amekonda mpaka sauti yake imekonda. Nilipiga goti, nikasema shikamoo, akanipokea mikono na kuigeuza viganja juu. Malengelenge yalikuwa hayajapona. Akaniuliza, "Umelima wapi, mwanangu, na mvua haijanyesha?" Nikaificha mikono kangani. Nyuma yangu Bwana Jivan alikuwa akiwaambia watu waliokuja kupokea mahindi, "Mwoneni fundi huyu. Mkono mmoja, na gari limebeba mzigo wote huu. Dodoma nzima hakuna kama yeye." Watu wakaja kukupa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, na mama yangu naye akaja. Nawe ulisema, "Alhamdulillahi."

Basi, ulisema hivyo tu.

Asubuhi yake, tukinywa uji wa yale mahindi ya njano, nilikuuliza taratibu, "Ungesema japo nilikusaidia?"

"Nilikusudia kusema."

"Lini?"

"Siku itakapofaa, Mama Zuhura."

Mvua zilikuja na kupita mara tatu. Vidole vyako havikukunjika tena, kama dresa alivyosema. Mikeka ya uani ilichakaa nikashona mingine. Nilitengeneza magari ya misheni, ya mabwana shamba, na lile trela la mnadani, na jina lako likafika Mpwapwa na Kilosa. Usiku ulikuwa ukinipaka mafuta ya nyonyo viganjani, polepole, kila siku, bila kusema lolote. Nilidhani siku inayofaa inakaribia. Kisha ikaja homa ile ya siku nne. Siku ya tatu ulinishika mkono ukafumbua mdomo, nikainama nisikie, ukaomba maji.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako. Siku ya tatu baada ya eda, mdogo wako Athumani alikuja kuchukua vifaa vyako apeleke Mpwapwa. Alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, vifaa vya fundi havina tena wa kuvitumia hapa." Bwana Jivan naye alikuwa amekuja kutoa pole, ameketi barazani na kikombe cha kahawa. Nilitaka kunyamaza. Nilishazoea, mdomo unajifunga wenyewe. Lakini nilipomwona Athumani ameikamata ile nyundo, nilisema, "Iweke chini. Ni ya kwangu. Chesisi ya Bwana Jivan niliifanya mimi, na kazi zote zilizofuata."

Athumani alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mgonjwa anayeweweseka. "Shemeji, majonzi hayo."

Nikamgeukia Bwana Jivan. Alikizungusha kikombe chake muda mrefu, kisha akasema, "Ni kweli. Ribiti hushikiliwa upande huu, hupigwa upande ule. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi. Nililijua hilo siku nilipokuja kulichukua gari."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Na kule Mlali, mbele ya mama yangu?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Akainama. "Mwenye nyumba hakusema. Na gari lilikuwa linatembea."

Athumani aliiweka nyundo chini, akaondoka bila kuaga. Ningefurahi, lakini nilikwenda jikoni nikaketi chini karibu na meko. Kumbe si siri niliyoitunza. Kumbe ni jambo watu walilolijua wakalipita, kama wanavyolipita jiwe la njiani. Na wewe, uliyejua kuliko wote, ulilipita ukiwa umenishika mkono.

Nilikwenda Mlali kumwambia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nilikusubiri uniambie. Jembe halitoi malengelenge ya namna ile." Nililia, akaniacha nilie.

Mikeka nimeiondoa. Nafanya kazi nikionekana kutoka barabarani na kutoka kisimani. Wanawake wengine hunisalimu, wengine huwavuta watoto wao kando. Wateja wako watatu wamehama. Shangazi yako hasemi nami asubuhi, jioni ananiletea mboga. Nami kuna wakati nakusamehe, nakumbuka ulivyokuwa ukiniambia piga, piga, basi, na ulivyonisikiliza kuhusu matundu, jambo ambalo hakuna mume mwingine wa mtaa huu angelifanya. Kisha nasikia sauti yako ikisema alhamdulillahi pale Mlali, na hasira inarudi mbichi kama jana, nami nainuka kutafuta ua wa kufagia. Sijui kama mtu hutulia mbele ya maiti asiyeweza kumjibu. Huenda nitazoea kukupenda bila kutulia.

Jana alikuja dereva kutoka Makutupora, mgeni, gari lake likitoa moshi. Akauliza, "Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia, "Ndiye mimi."

Alichungulia nyuma yangu, ndani ya nyumba, akangoja kidogo atokee mtu mwingine. Hakutokea. Basi akazunguka mbele ya gari lake, akafungua boneti, na kuanza kunieleza.

Lala pema, Baba Zuhura. Nakuombea, hata siku ninazokukasirikia.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuhura