Mlango wa Saiga ya Duke

Jumatano, 25 Juni 2025

Kanisani tumekatazwa kuapa, basi niseme ninaahidi: humu nitaandika yote, hata yanayotutia aibu nyumbani.

Sababu ni Madam Apiyo, mwalimu wetu wa Historia. Kesho tunaanza likizo fupi ya katikati ya muhula, naye ametupa insha: unaamini nini kuhusu serikali, na ni nani aliyekutia imani hiyo? Akasema tusimnakilie kitabu. Kila mtu ana aliyemfundisha, tumtafute. Lavender akainua mkono. "Madam, kwetu Baba ndiye hupiga kura. Sisi wengine tunapigwa tu." Darasa zima likacheka. Madam alicheka pia, kisha akamtazama Lavender kwa muda.

Mimi sijui niandike nini. Baba ni mzee wa kijiji. Chifu akitaka kujua jambo la upande wetu wa Ekerenyo, humuuliza Baba. Je, ninaamini anachoamini yeye? Na Mama? Sijawahi kumsikia akisema anaamini nini.

Jioni – redio inataja maandamano ya vijana dhidi ya serikali kila mahali, hata Kisii mjini. Baba akaizima. "Watoto wasio na wazazi, hao." Mama akaendelea kumenya ndizi. Ndugu yangu Duke alitoka asubuhi, akasema anakwenda Kisii kununua chaja.

Hajarudi.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Amerudi. Alipitia kwenye migomba kabla ya jua, na Mama akaniamsha nimpelekee maji moto.

Paja lina kidonda kidogo, kirefu kwenda ndani, na nyama yote ya pembeni imekuwa nyeusi. Hasemi ni nini kilichompiga. Mama hakuingia. Kwetu kijana akishatahiriwa hujengewa nyumba yake, saiga, na wazazi hawakanyagi humo. Ndiyo chinsoni, heshima ya wazazi na watoto. Baba hata kivuli chake hukiweka mbali na mlango ule. Basi Mama alisimama nje akiniambia la kufanya, na mimi nikafanya. Maji ya chumvi. Kitambaa safi. Duke aliuma blanketi.

Nikamuuliza kama alianguka akikimbia.

"Wengine walikimbia. Mimi sikupiga kelele, sikurusha kitu. Sikusogea tu."

Maneno hayo nimewahi kuyasikia mahali.

Nikataja hospitali. Mama akasema huko watauliza ameumia wapi. Halafu akanishika mkono, akaniambia polepole kwamba Baba hajaona kitu, na nyumba ile hawezi kuingia. Iachwe hivyo.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Chifu alikuja kwa bodaboda saa za chai. Nilikuwa namimina, kwa hivyo nilisikia yote.

Alimwonyesha Baba video kwenye simu. Barabara, moshi, watu wanakimbia upande huu, na kijana mmoja amesimama katikati ya lami, mikono chini. Shati ni lile nililolipiga pasi mimi.

"Mzee Bosire, unamjua huyu?"

"Amefanana na mwanangu."

"Amefanana sana. Siku hiyo ofisi ilichomwa mjini. Kila aliye kwenye hii video anatafutwa."

"Hapo anachoma nini?"

"Mimi si hakimu, mzee. Saiga yake si ile pale?"

"Ndiyo ile. Sijamwona tangu Jumatano. Na unajua siwezi kuingia."

Chifu akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Kumbe chinsoni imekuwa wakili siku hizi." Alipomaliza kucheka akasema Jumatatu saa tatu atakuja na watu ambao si baba zake Duke, wao wataingia. Au Baba amtoe mwenyewe mbele yao, amkabidhi vizuri, na hakuna atakayesema mzee wa kijiji anaficha watu. Akaaga: chai ilikuwa tamu, asante, Mama Duke.

Usiku Baba hakula. Aliuliza, bila kumtazama yeyote, ni nani aliyemharibu kijana. Akajijibu: ni huyo mwalimu wangu wa kutoka ziwani, watu wale huzaliwa na siasa. Nikasema Duke hakuwahi kufundishwa na Madam Apiyo. Na sisi Madam hatuambii tuamini nini, hutuuliza tu.

"Basi ni simu."

"Simu haina miguu, Baba Duke," Mama akasema.

Sikumbuki siku nyingine Mama alipomjibu hivyo.

Sabato, 28 Juni 2025

Kanisani lesoni, somo la Biblia la wiki, ilikuwa juu ya kutii wenye mamlaka. Baba aliitwa aombee viongozi wa nchi. Alianza vizuri. Alipofika "na vijana wetu" akanyamaza, tukangoja na macho yamefungwa, mpaka mchungaji akasema amina kwa niaba yake.

Kidonda kinanuka. Duke ana homa.

Jumapili, 29 Juni 2025

Tulichuma chai, Baba mstari mmoja, mimi mstari wa pili. Tulipofika juu, mahali Mama hawezi kusikia, akaniuliza.

"Nyanchera. Umemwona?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema ndiyo. Nikamweleza paja, homa, harufu. Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, mikono haikosei. Kisha akauliza ni kichaa gani kilichomfanya kijana asimame wakati kila mwenye akili anakimbia.

Na hapo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya kikapu pale kituo cha kuuzia majani. Karani alikuwa akikata kilo za kila mtu, eti ni maji ya mvua, na mvua haikuwa imenyesha. Watu walinung'unika wakaondoka. Baba akasimama mbele ya mizani, na Duke kando yake amebeba gunia. Karani akatukana. Dereva wa lori akapiga honi. Duke akaanza kulia, na Baba akamwambia: "Usipige kelele. Usirushe kitu. Ila usisogee." Tulisimama mpaka giza likaingia, meneja akaja, na mizani ikapimwa upya. Siku hiyo Baba hakuwa bado mzee wa kijiji, hakuwa na koti la mtu yeyote.

Nikamwambia Baba yale aliyosema Duke Alhamisi, neno kwa neno. Sikuongeza kitu.

Mikono yake ikasimama. Majani aliyokuwa ameshika yakaanguka, na hakuyaokota. Akashuka peke yake, akaacha kikapu.

Insha yangu sasa naijua. Lakini sioni jinsi ya kumpa Madam wakati bado sijui mwisho wake.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Sikwenda shule. Ninaandika nikiwa ndani ya saiga, daftari kwenye goti.

Baba alivaa koti la mzee wa kijiji mapema. Mama akamsihi, akashika mkono wa koti mpaka mshono wa bega ukaachia. Hakumsukuma. Alikuja moja kwa moja hapa, akasimama nje, mgongo kwa mlango kama inavyotakiwa, akaniita. Mlango ni wa mbao nyembamba, Duke anasikia kila neno. Lakini Baba alisema nami tu.

"Mwulize kijana kama anaweza kutembea."

Nikaingia nikamwuliza. Nikatoka. "Anasema anaweza, akishikiliwa."

"Mwulize kama kuna kitu alichoma."

"Anasema hapana, Baba."

Kuku walipita katikati yetu. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa kama ya mtu anayeungama.

"Mwulize hivi. Kule mjini, alipoona wenzake wanakimbia, ni sauti ya nani aliyoisikia? Nataka jibu kabla hawajafika. Nikishalijua, nitajua nifanye nini."

Nimemuuliza Duke. Amefumba macho. Midomo imekauka, paja lina joto kama jiwe la jikoni. Nimemuuliza tena, naye akageuza uso ukutani. Sijui kama ni homa au kama hataki.

Gari linapanda mlima. Linabadilisha gia pale kwenye kona ya kituo cha chai. Mama ameanza kuimba wimbo wa kanisani huko jikoni, kwa nguvu, maneno yamechanganyika.

Chini ya mlango naona viatu vya Baba. Bado vimetazama njia, ila sasa visigino vimegusa ubao. Havijasogea.

Anauliza tena, na safari hii hanitumi mimi. Anamwita kwa jina.

Duke, amka umjibu. Ilikuwa sauti ya nani?