Usifuate Ulimi wa Mkalimani

Nyumbani, juu ya duka la ushonaji
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha leo. U hali gani huko? Kifua kimepoa? Usingizi unakuja? Sisi wazima, ila mioyo iko juujuu tangu tuliposoma barua yako. Barua hii mpangaji wetu ataipiga picha kwa simu yake, ikufikie leo.

Umesema mtaalamu wa lugha wa hao watu wa uhamiaji alisikiliza sauti yako iliyorekodiwa, akaamua husemi kama mtu wa kwetu, kwa hiyo hukutoka kwetu na maneno yako yote ni uongo. Na kwamba Alhamisi watakuhoji mara ya mwisho, wakupe hifadhi au wakurudishe. Wale uliowakimbia bado wanapita hapa kukuulizia. Juzi baba yako mdogo alimwuliza mmoja wao, "Umekuja kupimwa suruali au kunipima mimi?" Alijikaza tu.

Nilimsomea mpangaji barua yako. Unamkumbuka, yule dada anayesomea namna watu wanavyosema mitaani. Akauliza, "Mama, aliyemhoji alisema kwa lafudhi gani yeye mwenyewe?" Nikamwambia ni mkalimani mpole, mwenye ulimi wa mjini, alikuletea chai. Akatikisa kichwa. "Basi Chiriku alimfuata."

Ni kweli, ulimfuata. Sisi ndivyo tulivyolelewa: mgeni haachwi peke yake na lafudhi yake. Tunamsogelea, tunasema kama yeye, asione haya. Kwetu hiyo ni adabu. Huko wameiita uongo.

Dada wa watu akataka kuturekodi, wakili wako apate sauti za kulinganisha. Tulikuwa kichekesho. Baba yako mdogo alikohoa, akaanza kusema kama msoma taarifa ya habari. Mimi nikageuka mhubiri. Yule dada akazima mashine ya kurekodia: "Hawa siwajui." Akaiwasha tena, akaiacha mezani, akaenda zake. Ikatokea pasi ikaunguza suruali ya mteja, tukagombana mpaka tukaisahau mashine. Hapo ndipo tuliposikika sisi. Sauti hiyo ameshamtumia wakili. Matusi niliyomtukana baba yako mdogo, usiyasikilize.

Lakini yule dada anasema sauti zetu hazitatosha, lazima wakusikie wewe. Yeye akitaka kumsikia mtu alivyo, humwomba asimulie siku aliyoona kifo kwa macho, maana hapo ulimi husahau kujipamba. Kwa hiyo omba nafasi usimulie siku ukuta wa karakana ulipomwangukia baba yako, wewe ukamfukua kwa mikono. Najua hujaisimulia tangu tumzike. Kaka yangu alikuwa, na mimi siiwezi. Nimepiga magoti sana kabla ya kukuandikia hili.

Baba yako mdogo anakusalimu, na mpangaji pia. Bibi yako hatujamwambia kuhusu Alhamisi, lakini amefunga tangu jana na hasemi kwa nini.

Mkalimani akikuletea chai, ipokee, mshukuru. Ila usimsogelee. Ndani ya lugha yetu wewe ndiye mwenyeji. Safari hii mwache yeye awe mgeni.

Mungu aliyekupa ulimi huo akae nawe kwenye kile chumba.

Ni mimi nikupendaye, hai au maiti,
Shangazi yako