Programu Yangu Imemzika Mke Wangu Akiwa Hai

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mkulima wa huku Matombo, niliishia darasa la saba, ila kwa neema za Mungu nikajifunza kuandika programu za simu, nikakiandikia kikundi chetu cha wakulima wa ndizi programu moja ya kupokelea mizigo, na masomo ya programu niliyafuata kama katekisimu, kwamba kuna vitu hubaki vilevile hata vikibadilika sura, hivyo vipewe namba, na vingine vikilingana sifa basi vihesabiwe kimoja tu, mimi nikaupa kila mkungu namba yake maana ndiyo biashara, wanakikundi nikawatambua kwa jina na kijiji, kumbe mke wangu Magdalena alirithi jina la bibi yake mzaa mama na wote ni wanakikundi wa hapa hapa Matombo, bibi akafariki, nami kwa heshima nikaandika Magdalena wa Matombo ni marehemu, mke wangu kupeleka ndizi, simu ya kikundi ikatoa ujumbe, mbele ya wenzake, "Marehemu apumzike kwa amani. Mzigo haupokelewi."

Akarudi akaniuliza, "Baba Pendo, umenizika na mkungu kichwani?" Nikamjibu kwamba kwa kanuni programu haina kosa. Akafungasha nguo, akaondoka. Yuko Mlali kwa mjomba wake, na mjomba ananiita nikajieleze. Nirekebishe programu kwanza, au niende? Michoro ya kumwelezea programu inavyofanya kazi nimeshaiandaa.

Kasiani

Kasiani, pole kwa msiba wa bibi. Huo mwingine umeutengeneza mwenyewe, na nisamehe, nimecheka.

Mtu mzima, ndizi umezipa utambulisho, mkeo umemnyima? Mkungu ukishaliwa nani ataulizia namba yake? Ndizi tambua kwa aina na ukubwa, yatosha. Namba mpe mtu, maana hubadili jina, huhama kijiji, na bado ni yeye. Tena nani alikuruhusu kumfisha mwanakikundi kwa kidole? Taarifa za mtu zipite mlango mmoja, kwa mwenyekiti, na programu ikatae mikono mingine yote, wa kwako ukiwemo.

Ila kumwambia mwanamke aliyefiwa eti kanuni haina kosa? Hapo sikucheka.

Programu isubiri. Nenda Mlali leo. Mpe mjomba shikamoo yake, kaa atakapokukalisha, michoro iache nyumbani. Sema, "Nimekosa," kisha nyamaza. Magdalena akikubali kurudi, mkalishe pembeni yako ukirekebisha, akuambie nani ni nani. Asipokubali, rudi peke yako, na kesho uende tena.