Mikungu Sita Isiyopukutisha Majani

Jumatatu, 4 Agosti

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mzazi wako: lifunge. Kama macho yameshatangulia, basi mdomo ubaki nyuma. Neno moja likifika kwa Injinia, mkubwa wetu kazini, sina kazi.

Leo nimepaka namba miti kumi na tisa. Upande wa kulia wa barabara, kutoka kona ya msikiti hadi kona ya gereji. Mikungu yote, ile miti ya kivuli kipana. Nyekundu maana yake kukatwa. Yote nyekundu. Reli ya mjini itapita hapa, kutoka Kinama mpaka Kibenga, na kabla ya reli miti iondoke, mabomba ya maji yahamishwe. Mimi ni karani, kazi yangu ni rejista. Namba ya mti, unene wa shina, hali ya majani, kilicho chini. Naiweza. Mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wote kwenye kontena letu la ofisi, na sioni haya kusema hivyo.

Safu ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha. Kilicho chini. Kanuni inasema kila mti uchimbiwe shimo kwa mkono, karani aone kwa macho yake, ndipo aweke saini. Kapita Saidi, msimamizi wa vibarua, amechimba mashimo matatu tu. Ya miti kumi na sita iliyobaki ameyafanyia mzaha.

"Karani, we saini tu. Chini ya muti kuko nini? Muti ingine?"

Vibarua wakacheka. Nikasaini. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Mara kumi na sita. Ramani ya mabomba nayo inasema hakuna kitu, nikajifariji kwa ramani. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu. Niliogopa. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Jumanne, 5 Agosti

Bomba kubwa la mtaa limefungwa saa mbili asubuhi ili lihamishwe. Mtaa wetu wa Buyenzi mzima mkavu. Tulitangaziwa. Mama alijaza kila kitu, hadi birika.

Msumeno wa mashine umeanzia kona ya msikiti. Miti sita chini kabla ya adhuhuri. Mafundi wa gereji wanahamisha magari yao kutoka kivulini na kutulaani kwa adabu.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, mstari mrefu wa watu na bidoni za njano za kuchotea maji kwenye ukuta wa dispansari. Maji yanatoka pale. Dada yangu Shamimu anafanya kazi humo, wodi ya wazazi. Nyumbani nikamuuliza maji yao yanatoka wapi.

"Mu robine," akasema, akizungusha vidole kama anayefungua koki. "We umesoma mpaka umesahau robine?"

Mama alicheka hadi akaweka sufuria chini. Mimi sikucheka. Bomba limefungwa. Nimeliona likifungwa, nimeandika saa. Maji yale ni ya bomba gani?

Jumatano, 6 Agosti

Nilikuwa nanakili rejista. Safu ya majani. Mkungu hupukutika kiangazi, kila mtu anajua. Mti wa kwanza, umepukutika. Wa pili, umepukutika. Hivyo hivyo hadi wa kumi na tatu. Wa kumi na nne, mbichi. Wa kumi na tano, mbichi. Mpaka wa kumi na tisa, mbichi. Niliyaandika mwenyewe juzi, kwa mwandiko wangu mzuri, na sikuyasoma.

Nikatoka kwenda kutazama. Kweli. Sita imejaa majani kama mwezi wa nne. Na wa mwisho unatazamana na ukuta wa dispansari.

Mvua haijanyesha tangu Mei. Miti hii inakunywa wapi?

Najua inakunywa wapi. Chini yake kuna bomba la zamani. Halimo kwenye ramani. Linavuja, na ndilo linalopeleka maji wodi ya wazazi. Kesho msumeno unafika mti wa kumi na nne, na katapila itafuata kung'oa visiki. Mizizi itatoka na bomba. Wanawake watajifungua bila maji, na karatasi yenye saini yangu itasema hakuna kitu.

Nilimfuata kapita peke yake. Nikamwomba shimo moja tu. Akaangalia huku na huku kwanza.

"Ukifungua mudomo, tunafukuzwa wote wawili. Mi niko na batoto tano. We uko na nini? Kalamu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Sina shaka hata kidogo. Ningekuwa na shaka ningenyamaza kwa amani. Leo msumeno umeishia mti wa kumi na tatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikula. Saa moja kamili nilikuwa kontenani. Injinia Deo alikuwa na chai yake mkononi. Niliandika sentensi nne kwenye karatasi ili nisigugumize. Nikazisoma. Nimesaini mara kumi na sita bila kuona. Mikungu sita ina majani mabichi wakati wa kiangazi. Dispansari ina maji wakati bomba limefungwa. Naomba shimo moja, mti wa kumi na saba.

Akafungua rejista. Akaisoma kwa muda mrefu sana. Akauliza nani aliniambia nisaini. Nikajibu mkono ulikuwa wangu.

Akasimamisha msumeno kwa saa mbili. Saa mbili tu. Likikosekana bomba, mkataba wangu unaisha leo.

Kapita alichimba mwenyewe. Hakumpa mtu sululu, wala hakunitazama. Shimo likamfika kiunoni. Udongo mkavu. Kati ya saa zile mbili, moja na nusu ikawa imekwisha. Mafundi wa gereji wakaja kusimama pembeni, mmoja akawaita wenzake.

"Yemwe! Karani anatafuta zahabu!"

Nilishikilia rejista kwa mikono miwili. Sikusema samahani, wala sikuomba tuache. Majani yale yalikuwa juu ya kichwa changu, mabichi, sikuyabuni.

Kisha udongo ukawa mweusi. Kapita akaweka sululu kando, akaendelea kwa mikono. Bomba la chuma, nene kama paja. Mzizi umelizunguka mara mbili, na maji yanachuruzika pale pale mzizi ulipolibana.

Kapita akainua uso wenye tope.

"Karani. Andika."

Nikaandika. Saini yangu ya kwanza ya kweli wiki hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Barua ya onyo. Nimeisoma mara tatu, haina kosa. Kapita naye amepata yake. Alikwenda kwa Injinia mwenyewe, kabla ya sala, akasema yeye ndiye aliyenisukuma. Sikumwomba.

Msumeno umesimama. Katapila imezimwa. Bomba litazibwa kwanza, kisha lihamishwe, na kila kisiki na kila mti uliobaki uchimbiwe shimo. Kapita ameshapiga hesabu ya jasho lake.

"Mashimo kumi na tano, dada! We unataka kunizika?"

Nimemwambia nitasimama kwenye kila moja. Anaita adhabu. Naita kazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi ya upepo kutoka ziwani. Mashimo mawili, yote matupu. Nimeyaona, nimesaini.

Uvujaji umezibwa tangu Jumamosi. Shamimu anasema maji ya wodi yana nguvu kuliko zamani, na hajui kwa nini. Sikumweleza.

Mikungu sita bado imesimama. Itakatwa bomba likishahama, hilo linajulikana, namba zangu nyekundu hazijafutwa. Mchana jani moja la mti wa kumi na saba limeanguka juu ya rejista. Jekundu. Nimerekebisha safu: umeanza kupukutika.

Daftari hili likinidondoka, usilipeleke kontenani. Nifuate barabarani. Uliza karani wa mashimo. Vibarua wamenibandika jina hilo na naliitikia. Asubuhi nipo upande wa msikiti. Saa sita nipo mti wa kumi na saba, nakula. Njoo kabla haujakatwa.