Uza Ule Mfuko, Baba, Utibiwe Macho

Minnesota, Marekani

Mpendwa Baba,

Pokea salamu kutoka huku kwenye theluji. Natumaini nyumba ni nzima na Mama ameacha kukohoa. Mimi sijambo, ila vidole vimekauka kwa baridi hadi kushika kalamu ni kazi. Akinyi dada yangu, wewe unayemsomea Baba barua hii, soma polepole na usiruke mahali hata akikukemea.

Baba, bado nahudumia wagonjwa hospitalini. Juzi nilikwenda kwa mama mmoja wa kanisani anayetusaidia wageni kuandika hesabu za kodi. Aliniuliza kama nina mali nje ya Marekani. Nikacheka, nikamtajia ule mfuko wa hisa wa Uingereza ulioununua kwa kiinua mgongo chako cha reli, ukauandikisha kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Yeye hakucheka. Alisema mkazi wa huku lazima aeleze hata hisa za ng'ambo, na mifuko ya aina ile ndiyo inayobanwa zaidi na watu wa kodi. Faida yake hutozwa kodi pamoja na riba, na kadiri mfuko unavyokaa ndivyo riba inavyozaa. Nikamwambia mali ni ya baba yangu.

"Jina ni la nani?" akauliza.

Sikufichi, nilikasirika. Niliona umenitwisha mzigo bila kuniuliza. Ndipo nikampigia Akinyi kwenye simu ya posta ya huko nyumbani, nimlalamikie.

"Wewe unalia kodi?" akaniambia. "Daktari wa Kisumu alisema Mzee apasuliwe macho, akakataa. Pesa ya mfuko iko, lakini anasema hawezi kula mali ya mtoto akiwa mbali. Saa hii hata kuku na bata hawezi tofautisha!"

Hasira ikaniisha papo hapo. Dakika zilizobaki za kadi ya simu ziliishia kwenye machozi.

Baba, najua watu watasema nini mwana mkubwa akiondoa jina lake kwenye mali ya baba. Watasema amekataa boma. Sijakataa boma. Nimetia sahihi ruhusa ya kuuza, iko ndani ya bahasha hii. Kodi ya huku nitailipa mimi kwa mshahara wangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Pesa zote za mfuko ziende kwa daktari wa macho, na zikibaki mnunulie Mama redio isiyokoroma.

Nisalimie Shangazi Awuor anayeanika dagaa wa omena kule Usenge, na Mjomba Okello muuza mitumba wa soko la Kibuye. Mwambie koti alilonipa halijawahi kusikia habari za theluji.

Umenitunzia urithi, Baba, na nakushukuru kwa moyo wote. Lakini siku nitakayorudi sitaki kukushika mkono nikisema, "Ni mimi, Owino," ndipo unijue. Nataka unione tangu getini, uanze kunisema nimenenepa.

Mwanao akupendaye,
Owino