Kaka Yako na Kiwelshi Chake

Riverdale, Maryland
Agosti

Kwa wifi yangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako yote miwili, maana kaka yako Kassimu aliniambia ule wa kulia ulikuwa unavimba. Mama mkwe na presha yake anaendeleaje, anakunywa dawa au bado anazificha chini ya mto? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Rehema amerefuka. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na nikimkazia macho anacheka. Mimi bado nasafisha maofisi mjini Washington. Joto la mwezi huu ni la Tanga kabisa, ila huku halina upepo wa kulipunguza.

Sasa kaa vizuri, wifi. Nataka kukueleza mambo ya kaka yako, na nakuomba usimtetee mpaka umalize kusoma, kwa sababu nyinyi ndugu mkishikana hakuna wa kuwatenganisha.

Yalianza na kaseti. Unajua Kassimu anafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Landover, anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Zamani akirudi alikuwa ananisimulia vituko vyao mpaka chai inapoa. Ghafla akawa kimya. Akiingia tu anavaa vile visikilizio masikioni, anakaa ukingoni mwa kitanda, midomo inacheza bila sauti. Nikitokea, anavivua. Siku moja alipokuwa anaoga nikavivaa mimi. Nikamsikia mwanamke, wifi, sauti laini, anasema maneno machache halafu ananyamaza kama anayengoja kujibiwa, kisha anasema tena. Lugha sikuijua, lakini mimi si mtoto. Najua mwanamke anavyosema akiwa anangoja jibu.

Nilipomuuliza alisema ni mambo ya kazi. Hazikupita siku nyingi, simu ikalia, mwanamke wa Kizungu akamtaka Kassimu. Akalitaja jina lake sawasawa, wakati hapo kazini kwao wote wanamwita Kas. Nikampa simu nikasimama palepale naosha sahani iliyokuwa safi.

Kisha ndipo akaniaga. Akasema anakwenda kulala wiki nzima katika chuo kimoja huko Virginia, mbele ya Woodbridge, kujifunza Kiwelshi. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni lugha ya Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, yenye milima na kondoo, na wenyewe wana lugha yao isiyofanana kabisa na Kiingereza. Watu wazima wanakusanyika humo chuoni wanafunzi wakiwa likizo, wanakula pamoja, wanalala humohumo, wanafundishwa lugha na nyimbo na mila za huko. Nikamuuliza kama Landover kuna Wawelshi. Akasema yupo mmoja. Nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikaniishia.

Nikuulize wewe, umewahi kusikia mwanamume wa Muheza anamuaga mkewe namna hiyo? Wanaume wengine husema wana safari ya kikazi, wengine husema wamefiwa. Huyu wangu kanitungia nchi nzima. Na shati alilopiga pasi kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa lile la Idi.

Nina rafiki hapa jirani, Akinyi, Mkenya, mwenye gari. Nilipomweleza alitikisa kichwa tu. Akasema, "Zuhura, wewe uko na roho safi sana. Hiyo language haiko. Twende tumcheki." Mimi nilitaka kukataa, lakini tayari nilikuwa nimeshavaa viatu. Rehema tukamwacha kwa shangazi wa Akinyi.

Tulipofika nikaona majengo ya matofali mekundu, majani yamekatwa vizuri, na getini wametundika bendera yenye mnyama mwekundu, ana mabawa, ana kucha, ametoa ulimi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Ndani, watu wenye mvi wamekaa duara kwenye majani, mmoja anainua kijiko, wengine wote wanakitaja kwa pamoja, anainua kikombe, wanakitaja. Nikamuuliza mzee mmoja kwa Kiingereza Kassimu yuko wapi. Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, akanionyesha kibao chenye maandishi nisiyoyaelewa. Nikamwambia Akinyi basi, wameshamchukua.

Mara huyo kaka yako anatokea, ana beji kifuani, na pembeni yake mwanamke mwenye nywele nyekundu amemshika bega. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Baba Rehema, huyu nani?" Alishtuka. Halafu akafungua mdomo akanijibu kwa lugha ile ya kwenye kaseti. Nikamuuliza tena, akanijibu tena vilevile, taratibu, kama mtu anayehesabu mayai. Na wale watu wakampigia makofi! Wifi, nimeshaaibika mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuaibika na kupigiwa makofi.

Akanishika mkono akanitoa mpaka nje ya geti. Tulipovuka tu, Kiswahili kikamwagika. "Mama Rehema, umekuja kunifumania?"

Akanieleza kwamba sheria yao ni hiyo. Siku ya kufika wote waliinua mkono wakaapa kwamba toka getini kuingia ndani, mpaka wiki iishe, hakuna atakayesema lugha nyingine yoyote. Beji ni ya wale wanaoanza, ili wenzao waseme nao polepole. Anayevunja kiapo anaimba peke yake mbele ya watu wakati wa chakula. Akasema yeye ameapa, na kiapo ni kiapo. Nikamwambia mimi na yeye pia tulifungishwa ndoa mbele ya shehe.

Yule mwanamke akatufuata. Kumbe ndiye mwalimu, anaitwa Eluned, na sauti ni ileile ya kwenye kaseti na ya kwenye simu. Kwa kuwa tuko nje ya geti akasema nami Kiingereza. Akamsifu Kassimu kupita kiasi. Ati wana maneno yanayoanza na ng', Wamarekani wanatoa jasho kuyatamka, na yeye anayatoa kama anaita ng'ombe. Badala ya kunituliza akawa amenichoma zaidi. Nikamgeukia kaka yako nikamuuliza anaitaka ya nini lugha hiyo. Akaangalia chini, akasema kuna mzee wake kazini, na binti wa mzee ndiye aliyemlipia. Akinyi akadakia, "Mzee gani? Si tuonyeshwe?" Nikasema na mimi nitaamini nikishamwona. Tukarudi Riverdale hatusemezani, mimi na Akinyi, maana yeye alishaanza kucheka.

Nilikuwa nimeamua, wifi, sikufichi. Kama mzee huyo hayupo, ningemchukua Rehema nirudi nyumbani.

Alipomaliza hiyo wiki yao sikumpa nafasi ya kupumzika, nikamwambia twende. Mzee yupo. Mrefu, amekunjamana kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuja Marekani kijana, akafanya kazi ya useremala maisha yake yote, Kiingereza akikijua vizuri, akaoa, akazaa, binti asimfundishe hata neno la kwao. Kisha kiharusi kikampiga kikamfutia Kiingereza chote. Kilichobaki ni lugha ya mama yake. Kila jioni alikuwa anauliza kitu, anauliza tena, mpaka anapiga kelele, na wauguzi wakasema akili imemtoka, wakawa wanamchoma sindano alale. Kassimu ndiye aliyekataa. Alisema mtu mwenye uso ule hana wazimu, anauliza na hajibiwi. Akamsumbua binti mpaka akatafuta mtu wa lugha hiyo, ndipo Eluned akaja, akainama, akasikiliza. Mzee alikuwa anauliza kama lango limefungwa, kondoo wasitoke.

Basi jua lilipoanza kushuka mzee akaanza. Mikono imeng'ang'ania kiti, anamtazama kaka yako. Kassimu akachuchumaa akamjibu kwamba limefungwa. Mzee akashusha pumzi, mikono ikalegea. Wakaendelea kuzungumza, Kassimu akikwama mzee anamsaidia, wakacheka kwa jambo ambalo sikulijua.

Kisha mzee akaniona mimi. Akauliza. Kassimu akamjibu kwa neno moja fupi, likaning'ang'ania sikioni, na mzee akanipa mkono. Nikamuuliza kaka yako amemwambia mimi ni nani. Akanitazama.

"Nikikwambia, utaamini?"

Nikamwaga mzee tukatoka. Kwenye gari alishika usukani bila kuwasha. Halafu akasema, "Baba aliniita jioni zote zile na sikuwepo kuitika. Huyu anaita, mimi nipo." Wifi, wewe ndiwe uliyemuuguza baba, wewe ndiwe uliyetwambia kwenye simu kwamba anamwita, na unajua karatasi za huku zilivyomzuia kusafiri hata kumzika. Sikujua kama jambo hilo bado analo kifuani. Niliona huruma kubwa. Lakini nikwambie kweli, hata hapo lile neno lilikuwa linanizunguka. Kama amemwambia mzee mimi ni jirani je? Kama amemwambia mimi ni mpishi?

Nisalimie mama mkwe, mpe shikamoo yangu na umwambie dawa azinywe. Nisalimie shemeji Bakari na cherehani yake, na shangazi Mwanaidi wa maandazi, na wanao wote wawili, mkubwa mwambie nauliza matokeo ya mtihani. Akinyi naye anakusalimu ingawa hamjuani.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ninapokulaumu,

Zuhura

Wifi, bahasha ilikuwa bado sijaifunga. Leo Kassimu amekwenda kazini nami nikashindwa kuvumilia, nikampigia simu yule yule Eluned. Nikamtamkia lile neno kama nilivyolisikia. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniambia maana yake ni "mke wangu." Nimeweka simu chini nikalia palepale jikoni. Sasa nakuna nazi, na akirudi simuulizi kitu.