Upande Wangu wa Kushoto

Asturias, Alhamisi

Mdogo wangu Eloy,

Huku mvua haijakatika tangu Jumatatu. Mama hajambo. Amekata skafu zetu na kuzishona ziwe moja, nusu timu yangu, nusu yako, na Jumapili timu zetu zikicheza ataivaa jukwaani. Jirani kamwambia, "Utazomewa na pande zote mbili." Akajibu, "Wanizomee. Wao wana timu, mimi nina watoto."

Sasa lile la jana. Ulinipigia nikiwa chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wakisikia, ndiyo maana nilikata simu. Ulisema, "Kaka, Jumapili nitahamia pembeni kule kwingine. Wewe sikusogelei."

Najua ni kwa sababu ya Krismasi, uliponiona nikishuka ngazi za kwa mama kinyumenyume, nimeshika ukuta, goti likiniuma. Goti hilo daktari wa timu hajaambiwa, wala kocha. Tukifungwa tunashuka daraja, na beki wa miaka thelathini na nne hapewi mkataba mwingine.

Lakini fikiri kidogo. Miaka minane wewe winga unanishambulia upande huohuo, na nchi nzima inajua. Siku ukinikwepa, kocha atalitazama goti langu kabla ya dakika ya kumi.

Kwa hiyo njoo. Njoo kwa kasi yako yote, unipige chenga, unitukane kama siku zote. Nikianguka, usigeuke kunitazama. Piga krosi.

Kaka yako,
Nel